Gari la Tatu Kutoka Pampu

Baba alikuwa hajataka kitu chochote tangu soko kuu liungue. Hakutaka kanzu mpya ya Idi, hakutaka kwenda Kigoma kwenye harusi ya mpwa wake, hakutaka hata kugombana na mtu, yeye ambaye zamani aligombana kama wengine wanavyokunywa chai. Duka lake la vitambaa lilikwenda na ule moto wa 2013, naye akarudi nyumbani, akakaa kwenye kiti kilicho karibu na dirisha, akabaki hapo. Ukimwuliza atakula nini, anajibu, "Chochote." Atavaa nini? "Chochote." Nilifungua kiduka kingine karibu na nyumbani, nikamwomba aje akae tu, awatishe wateja wanaoomba kupunguziwa bei. Akaja siku moja, akazitazama kuta, akarudi kwenye kiti chake.

Kwa hiyo asubuhi aliyotangaza kwamba anataka kununua gari la mbio, jekundu, la milango miwili, la zamani kidogo, mama na mimi tulitazamana kama watu waliosikia kabati likiongea.

"Ya mbio?" mama aliuliza. "We Baba Nawal, unakimbilia wapi? Hata mu choo unaenda pole pole!"

"Mi naitaka," alisema baba.

Ilikuwa miaka mingi hatujalisikia neno hilo likitoka kinywani mwake.

Mama akaswali istikhara, maana kwetu jambo kubwa haliachiwi akili ya mtu peke yake. Asubuhi alikuja kunigongea akiwa amekwisha kulia. Alikuwa ameota baba amekaa ndani ya gari jekundu, gari linakwenda taratibu bila sauti yoyote, na watu wamelizunguka pande zote wanalisukuma kwa mikono.

"Kitu batu wanasukuma na mikono, kimya kimya, na mutu iko ndani," alisema, "unajua inaitwa aje? Ile ni jeneza, mutoto wangu. Ile gari itanichukulia bwana yangu."

"Mama, ni ndoto tu."

"Nenda uione. Nimesikizana naye: we ukisema haifai, anaiacha, hasemi neno. Basi utasema haifai."

Niliona hakuna kazi rahisi kuliko hiyo. Nilikuwa nimekwisha kuamua kabla sijavaa viatu. Ila ili baba asiseme nimemwonea, nilimchukua Chabani, mume wa binamu yangu, fundi wa magari kule Buyenzi, mtu ambaye hajawahi kulisifu gari la mwenzake. Sifa hiyo ndiyo niliyoihitaji.

Tulikwenda kwa miguu, bila shaka, kwani mji mzima ulikuwa hauna petroli. Gari langu mwenyewe lilikuwa limelala uani muda mrefu bila tone la petroli, na paka alikuwa amezalia kwenye kiti cha nyuma. Baba alitangulia. Tulipofika Rohero nilitegemea atatuingiza kwenye ua wa mtu, labda tajiri fulani aliyechoka na kitu chake. Badala yake alikata kona kwenye kituo cha mafuta. Foleni ilianzia pampuni, ikafuata ukuta wa ofisi moja ya serikali, ikakunja, ikaendelea hadi macho yakachoka. Chini ya baadhi ya magari majani yalikuwa yameota. Watu walikuwa wamepanga viti, wameanika taulo, na mbele ya basi dogo mwanamke mmoja alikuwa anasuka nywele za mwenzake kwa utulivu wa mtu aliye kwake.

"Baba, hii gari iko mu mulongo?"

"Iko ya tatu," alijibu baba, na alilisema hilo kwa fahari, kama mtu anayetaja darasa alilofika mwanawe.

Nalo ndilo lile pale, la tatu kutoka pampu. Upande wa ukutani lilikuwa jekundu kweli. Upande wa pili jua lilikuwa limelitafuna mpaka likawa rangi ya supu ya nyanya. Taa zake ni zile zinazoinuka kutoka kwenye boneti, lakini moja ilikuwa imeinuka na nyingine imelala, hivyo lilikuwa linakukonyeza ukilikaribia. Mwenyewe, Callixte, mwanamume mwembamba aliyevaa koti la suti na kandambili, alikuwa analifuta vumbi kwa leso.

"Karibu, dada! Muzee, umeleta familia, vizuri sana. Hii gari, dada, haijawahi kunisumbua na mambo ya esansi. Hainywi! Tangu niipate, haijanywa hata tone."

"Na mwendo wake?"

"Haijawahi kunitupa mu kona."

Sikumngoja Chabani. Niliifungua boneti mwenyewe. Ndani mlikuwa na kikapu cha maparachichi na kuku aliyeatamia, akanitazama kwa hasira kama nimefungua mlango wa bafu.

"Haina injini!" nilipiga kelele, na sitaficha kwamba nilifurahi. "Baba, njoo uone! Haina injini, ina kuku!"

Callixte alicheka kwa upole, vile watu wanavyomcheka mgeni. "Dada, gari ya aina hii motere yake inakaa nyuma. Mbele ni pa kuweka mizigo. Kuku si yangu, ni ya ule mama wa maparachichi."

Niliona aibu hadi masikioni. Chabani, ambaye alilijua hilo tangu mwanzo na aliniacha nijiaibishe, alizunguka nyuma, akafungua, akainama. Aliinama muda mrefu.

"Nyuma pia haiko," alisema.

Wote tulimgeukia Callixte. Hakutetereka. "Mi sikusema iko. Nimesema inakaa nyuma. Haikupotea, musiogope. Iko mu mashua, inabeba simenti mpaka Kalemie, ng'ambo ya ziwa. Siku zingine inafika hapa bandarini, munaweza kwenda kuisalimia."

Chabani akafanya kazi yake mpaka mwisho, kwa sababu ndivyo alivyo. Akapiga magurudumu teke, akakanyaga breki, akaingia chini ya gari na koti lake la kazi, akagongagonga tangi. Alipotoka alikuwa na uso wa mtu aliyetatua jambo.

"Frein nzuri," alisema. "Tangi kubwa, haivuji. Lakini hii si gari, Nawal. Hii ni bidoni yenye taa."

Hapo ndipo nilipoelewa biashara ya Callixte. Kituoni hawaruhusiwi kumjazia mtu petroli kwenye bidoni, yaani dumu. Ukija na bidoni, polisi wanakufukuza nayo. Lakini gari ni gari. Na sheria ya foleni, waliyojitungia wenyewe wenye foleni, ni kwamba nafasi ni ya gari, si ya mtu. Watu wanaweza kuzaliwa, kuoa na kuuza, gari likibaki pale nafasi imebaki.

"Wengine wananunua gari, halafu wanahangaika kutafuta mulongo," alieleza Callixte. "Mi nauza mulongo. Gari ni nyongeza."

Nilimgeukia baba nikiwa na ushindi mkononi. "Umesikia? Haina injini."

"Najua."

"Unajua?"

"Ijumaa nikitoka musikitini huwa napita hapa. Callixte alinionyesha kila kitu. Mi sina safari, Nawal."

Mzee wa watu, kanzu imepigwa pasi, kofia yake ya Ijumaa kichwani siku ya Jumanne, anataka gari lisilokwenda kwa sababu hana pa kwenda. Nilisikia hasira, na chini ya hasira huruma, na huruma ndiyo ilinikasirisha zaidi. Nilifungua kinywa niseme haifai, tumalize, turudi nyumbani.

Filimbi ikalia.

Mwenye gari la kwanza alikuwa amekata tamaa. Alikuja na ndugu zake, wakalifunga kamba, wakaliburuta kwenda zake akilaani dunia. Foleni nzima ikasimama. Vikombe vikawekwa chini, taulo zikaanuliwa, na kila mtu akashika gari lake, maana nafasi moja ilikuwa imepatikana na nafasi haingoji.

"Muzee, ingia ujaribu!" Callixte alisema akifungua mlango. "Essai ni bure!"

Baba alikunja kanzu, akaingia kinyumenyume, makalio kwanza, kofia mwisho. Kiti kilikuwa chini sana hata magoti yake yakawa sawa na masikio. Alirekebisha kioo. Alifunga mkanda. Akaweka mkono kwenye gia, akaingiza ya kwanza, kwa heshima kubwa. Chabani na mimi na mama wa maparachichi tukasukuma, na watu wengine wakaja wakashika ubavuni, na lile gari likaenda. Likaenda taratibu, bila sauti yoyote, na baba ndani yake ametulia, anatazama mbele.

Niliiona mikono yetu yote juu ya bati lile jekundu, nikaiona ndoto ya mama jinsi alivyonisimulia, na nikaogopa, nasema wazi, mimi ambaye huwa nawacheka wenye ndoto. Nilitaka kuliachia.

"We! We wa nyuma! Rudisha! Umeingia mu nafasi yangu!"

Sikuijua ile sauti mara moja. Ilikuwa nene, ina chumvi, ilitoka tumboni. Niligeuka kutafuta ni nani anayetukana watu hivi, nikaona ni baba, ametoa kichwa dirishani na kofia imekwenda upande. Ilikuwa sauti yake ya dukani. Nilikuwa nimesahau kwamba anayo.

Nyuma yetu pikapu nyeupe ilikuwa imesogea hadi bampa yake ikakaribia kutugusa. Dereva alishuka, mzee wa makamo ya baba, filimbi shingoni, kwa kuwa ndiye mwenyekiti wa foleni. Nikamtambua. Alikuwa Musafiri wa mabeseni. Meza yake sokoni ilipakana na duka letu, na utoto wangu wote niliwasikia wakigombea upana wa kiganja kimoja cha sakafu, kila siku, tangu kufungua mpaka kufunga. Baada ya moto alihamia Kinama, anauza ndoo huko, na mimi sikumwona tena.

"Nafasi yako?" Musafiri aliuliza. "We Sleimani, hata gari hujanunua, umeanza! Hata mu soko ulikuwa hivyo!"

"Mu soko beseni zako zilikuwa zinalala juu ya hariri yangu!"

"Hariri? Hariri gani? Ile ilikuwa nailoni!"

Baba alitoka kwenye lile gari kwa kasi ambayo gari lenyewe halijaifikia tangu liondolewe injini. "Nailoni! Nawal, umesikia? Mbele ya batu! Anaita hariri yangu nailoni!"

Wakaanza kupima. Baba aliweka kiganja chake kati ya bampa na bampa, Musafiri akasema kiganja cha Mwarabu kama yeye ni kikubwa, pimeni na changu, na watu wakajaa, wengine upande huu wengine upande ule, hakuna aliyekumbuka petroli. Mashavu ya baba yalikuwa mekundu. Alikuwa anatema mate akiongea. Alikuwa anamkumbusha Musafiri beseni moja la kijani, lenye ufa, lililomwagia maji vitambaa vyake enzi hizo mimi sijaingia shule, na Musafiri alikuwa analikumbuka beseni hilo vizuri sana na alikuwa na maelezo yake. Nilisimama pale nikicheka huku machozi yananitoka, na sikujua nimfiche nani.

Callixte alinisogelea polepole. "Dada, uamuzi?"

Nilimtazama Chabani.

"Frein nzuri," alirudia Chabani.

"Inafaa," nilisema.

Mama hakuniongelesha. Alipika, akanipakulia, akaniwekea maji ya kunawa, yote bila neno, na ukali wa namna hiyo ni afadhali kupigwa. Kila asubuhi baba alipotoka na thermos yake alimsomea dua mgongoni, kisha akaenda chumbani kungoja habari mbaya. Lakini kila jioni badala ya habari mbaya alirudi baba, amejaa vumbi na malalamiko. Musafiri amefanya hivi. Musafiri amesogea tena wakati mimi naswali adhuhuri, nimerudi nimekuta bampa imenigusa, huyo mtu hana dini. Alikula akalalamika chumvi haitoshi. Alikuja dukani kwangu akasema nimepanga vitenge kama mtu anayevificha. Nilimjibu vibaya na moyoni nikamshukuru Mungu.

Kisha lori la mafuta likaja.

Nilisikia kelele nikiwa dukani, honi na vigelegele, nikafunga nikakimbia. Rohero nzima ilikuwa inakumbatiana. Mtu asiyenijua alinibusu mkono. Foleni ilikuwa inasogea, kwa mara ya kwanza ilikuwa inasogea kweli, na baba yumo ndani ya gari lake, mikono kwenye usukani, anatazama mbele. Niliutazama uso wake. Ulikuwa uso wa kwenye kiti cha dirishani.

Nikaelewa upesi, na nililichukia lile lori kama mwizi. Mafuta yakipatikana foleni imekwisha. Musafiri atajaza, ataenda Kinama na ndoo zake, na hapo patabaki lami.

"Tuweke ngapi, muzee?" kijana wa pampu aliuliza.

"Chochote," alisema baba.

Wakamjazia tangi mpaka juu. Musafiri alifuata nyuma, akajaza yake, pikapu ikakohoa moshi, ikanguruma. Ikatupita. Alipunga mkono kidogo tu, hakutukana, hakusema neno la nailoni, akakata kona akapotea. Baba aliitazama kona ile muda mrefu.

"Twende nyumbani," alisema.

Tukaanza kusukuma, Chabani na mimi na Callixte, ambaye alikuwa amekuja kutazama kama jamaa wa bibi harusi. Lilikuwa zito sasa, na tangi limejaa. Nilisukuma nikilitukana lori, serikali ya mbinguni iniwie radhi, nikamtukana na Musafiri. Njia ya nyumbani ilipita kando ya ule ukuta wa ofisi, na foleni bado ilikuwepo, maana lori lilikauka kabla hata nusu hawajapata. Walioukosa mgao walikuwa wanaweka viti vyao chini tena, bila haraka.

Mkiani kabisa, baada ya gari la mwisho, palikuwa na uwazi. Na baada ya uwazi, pikapu nyeupe. Musafiri alikuwa ameegemea mlango, filimbi shingoni.

"We Sleimani, unachelewa!" alipaza sauti. "Nimekuwekea nafasi. Batu wanataka kuniua hapa juu yako."

Baba alitoa kichwa dirishani. "We si umejaza?"

"Ile ya leo ni ya leo. Mi najipanga kwa ile ingine."

Baba aliutazama ule uwazi. Aliutazama vizuri, vile alivyokuwa anatazama kitambaa kabla ya kukata. Niliona shingo yake inaanza kuwa nyekundu, kutoka kwenye kola kwenda juu.

"Haitoshi," alisema. "Imepunguka kiganja."

"Kwa gari ya nailoni inatosha!"

"Rudisha nyuma! Rudisha nasema! Nawal, sukuma, sukuma tu, tutaona nani ataondoka!"

Watu wakaja kutusaidia, wengine wanasukuma, wengine wanatoa maoni. Ndipo nilipomwona mama. Alikuwa amesikia habari za lori, akaja na sufuria ya pilau kichwani, nadhani kuhakikisha kwamba sasa, alhamdulillah, jambo limekwisha na gari linauzwa. Alisimama ukutani. Mbele yake gari jekundu lilikuwa linakwenda taratibu, halina mlio wowote, mikono ya watu imelishika pande zote, na mumewe yumo ndani.

"Njo ile," alisema. "Nawal, njo ile ndoto."

Aliishusha sufuria. Ilikuwa ndiyo ile kweli. Baba alikuwa amejitokeza dirishani nusu mwili, ngumi juu, anamweleza Musafiri na ukoo wa Musafiri na kila aliyewahi kununua beseni kwa Musafiri tofauti ya hariri na nailoni. Musafiri alikuwa anapuliza filimbi ili asimsikie.

Mama alisikiliza. Alisikiliza mpaka walipofika kwenye lile beseni la kijani.

"Apana," alisema. "Ile ilikuwa kimya."

Akanipa sufuria niiweke kando, akakunja mikono ya buibui lake, akaja kusukuma upande wangu.